Mvumo Uliofika Butiama

Mwalimu Penina alikuwa Msabato, na kama si hivyo, siku ile pasingekuwa na mtu shuleni. Sisi wengine tulikuwa kanisani. Padri alikuwa amefika kigangoni kwetu baada ya majuma mengi ya kumkosa, na misa ikawa ndefu, ubatizo na ndoa mbili humo humo. Penina, ambaye ibada yake ilikwisha jana yake, alibaki nyumbani akifua.

Mimi na yeye tulikaa nyumba moja ya walimu, upande wa juu wa shule, huku kwenye vilima vya Butiama ambako majabali yamekaa moja juu ya jingine kana kwamba kuna mtu aliyapanga halafu akaghairi. Mimi nafundisha Kiswahili. Yeye alifundisha Jiografia, na juu ya Jiografia alikuwa amepewa mzigo mwingine: kuangalia mashine.

Watu wa mradi wa chuo kikuu waliileta mwaka uliotangulia. Walitafuta mahali penye jabali na pasipo na kelele, wakachagua kipande cha malisho cha mzee Kasmiri nyuma ya shule. Wakachimba shimo la kina cha kiuno, wakalisakafia, wakaweka ndani kitu cha chuma cha mviringo, ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu sita. Hicho ndicho kipima mitetemo. Waya mmoja ulikwenda kwenye sola, mwingine ulivuka uzio mpaka stoo ya maabara, ukaingia kwenye kompyuta. Ardhi ikitikisika, hata kwa kiasi ambacho mtu hawezi kukisikia, mstari kwenye kioo unacheza. Kazi ya Penina ilikuwa kuutazama mstari ule kila siku, kuhakikisha betri ina chaji, na kumpigia simu Brian, fundi wa mradi aliyekaa Mwanza, kitu kikiharibika.

Penina alizaliwa Majita, kwenye ile rasi inayoingia ziwani, kwa baba aliyevua sangara na mama aliyekausha dagaa. Akishika jambo haachi. Aliwahi kuwarudisha Kidato cha Tatu kilimani tena na tena, kwa jua na kwa manyunyu, mpaka kila mmoja alipoweza kusoma ramani na kufika kwenye jabali aliloambiwa. Wanafunzi walimwogopa kidogo, na walifaulu.

Nilipotoka kanisani siku hiyo nilikuta beseni katikati ya ua, povu limeshakufa, nguo bado zimo.

“Dada Lucy!” aliita kutoka stoo. “Njoo uone kitu!”

Nilikwenda na viatu vyangu vya misa. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mstari ambao sikuwahi kuuona. Tetemeko la kawaida, alikuwa amenifundisha, huingia kwa kishindo: mstari unaruka, unachanganyikiwa, halafu unatulia polepole. Baruti za wachimbaji wa dhahabu huko bondeni ni fupi, kijiti kimoja tu. Huu ulikuwa tofauti. Alikuwa ameuchuja, akaondoa mitetemo midogo midogo ya upepo na miguu ya ng'ombe kama mtu anavyoondoa majani ya chai, na kilichobaki kilikuwa wimbi baada ya wimbi, yote ya upana mmoja, yanapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala. Hakukuwa na kishindo cha kuanzia. Yalikua kidogo kidogo kuanzia saa sita na nusu na ushee mchana, yakadumu zaidi ya dakika ishirini, yakafifia.

“Ni nini?” nikauliza.

“Sijui,” akasema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayesema hajui.

Alikuwa ameshazunguka kote. Mashine ya kusaga ya senta ilikuwa imefungwa. Karasha za kuvunjia mawe kule kwa wachimbaji zilikuwa zimelala, ni Jumapili. Mzee Kasmiri, ambaye misa ndefu zinamshinda, alikuwa ng'ambo ya korongo na ng'ombe wake wote, mbali na shimo. Penina alikuwa amekimbia mpaka huko kumuuliza.

Tukapanda kwenye jabali la mtandao, maana simu kwetu zinashika hapo tu, akampigia Brian.

“Madam, hayo ni maji,” Brian alisema baada ya kusikiliza. “Mvua zimeanza. Unyevu ukiingia shimoni, kipima kinaanza kuyumba chenyewe. Mwezi uliopita si ulinitumia mengine ya hivyo?”

“Yale yalikuwa ovyo ovyo. Haya yamepangika.”

“Nilikuwa nije hata hivyo. Kituo chako kina kelele, wachimbaji wanaongezeka. Mradi wanataka nikitoe hicho kipima nikipeleke sehemu nyingine. Alhamisi niko hapo.”

“Utakitoa kabla hatujajua kimesikia nini?”

“Kimesikia maji, Madam.”

Simu ikakatika. Penina akabaki ameishika, akitazama upande wa ziwa, ambalo kutoka kwetu ni mstari mwembamba wa fedha tu. “Basi nina mpaka Alhamisi,” akasema.

Jumatatu baada ya vipindi alikwenda kulifungua shimo, nami nikamfuata. Mfuniko ni wa zege, hauinuliwi na mtu mmoja, kwa hiyo alimwomba mzee Kasmiri. Mzee alisaidia huku akilalamika, kama kawaida yake.

“Mimi nilisema hii kitu italeta maneno. Niliwapa sehemu yangu ya majani mazuri, mkaweka bomu.”

“Si bomu, baba.”

“Ng'ombe zangu hazipitagi tena hapa. Zinaogopa.”

“Zinaogopa uzio.”

Sakafu ya shimo ilikuwa kavu, lakini Penina alipopitisha kiganja ukutani, upande wa mashariki, kilirudi na ubaridi. Alikitazama kile kiganja kwa muda. “Kuna unyevu,” akaniambia. Hakutaka kujidanganya. “Brian anaweza kuwa sahihi. Lakini maji gani yanahesabu mapigo sawasawa hivi?”

Tulirudisha mfuniko tukiwa hatujui kwamba tumeonwa. Kufika Jumanne jioni, senta nzima ilikuwa inajua kuwa mashine ya walimu imeona dhahabu. Kama si dhahabu, watu waliulizana, kwa nini mwalimu wa Jiografia akimbie Jumapili kutoka shimo mpaka korongo, halafu kesho yake alifunue lile shimo mwenyewe?

Jumatano asubuhi walikuja. Kidato cha Nne walikuwa katikati ya mtihani wa taifa, askari wa mtihani kakaa mlangoni mwa ukumbi, hata kengele tulikuwa tumeacha kuigonga. Nilikuwa ofisini niliposikia sauti za watu wengi nyuma ya uzio. Nilipotoka nikaona wanaume na masururu na moko, zile patasi ndefu za kuchongea mwamba, wamelizunguka shimo. Mbele yao alisimama Shija, Msukuma mrefu aliyehamia kwetu kufuata dhahabu na sasa alikuwa kiongozi wa duara mojawapo, ndiyo mashimo yao ya kuchimbia. Penina alikuwa ameshafika, chaki bado mkononi.

“Mwalimu, sisi hatuna ugomvi na shule,” Shija alisema. “Tunataka kujua tu. Hii mashine imeona nini Jumapili?”

“Nani amekuambia imeona kitu?”

“Mtu hakimbiagi vile kwa ajili ya jiografia.”

Wengine wakacheka. Mmoja wao, asiye na subira, akapiga ukingo wa mfuniko kwa sururu. Kipande cha zege kikaruka, na waya wa sola uliopita hapo ukakatika. Nilimwona Penina akishtuka kana kwamba amepigwa yeye. Kisha akapanda juu ya mfuniko na viatu vyake vya darasani, akasimama katikati.

“Haya, chimba,” akamwambia yule mtu. “Anzia hapa miguuni.”

Hakuna aliyesogea.

“Au muje muone kwa macho yenu. Shija na wawili atakaowachagua. Wengine mkae chini, kimya, watoto wanafanya mtihani.”

Wakati huo mkuu wa shule, Madam Recho, alikuwa amefika uzioni akihema. “Penina!” alisema kwa mnong'ono mkali. “Wanafunzi wako kwenye mtihani wa taifa na wewe umeniletea mgodi!”

“Madam, nipe nusu saa.”

“Ukiniomba saa nzima, hiyo mashine naing'oa mimi.”

Stoo ya maabara ni ndogo. Tulijibana humo, sisi walimu wawili na wachimbaji watatu wenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kompyuta ilikuwa bado na chaji. Penina hakuwaonyesha mawimbi ya Jumapili kwanza. Alirudi nyuma, akafungua siku ya Jumamosi, akaweka kidole kwenye kijiti kimoja kilichosimama peke yake.

“Hii ni saa nne asubuhi.”

Shija akainama. “Ni sisi,” akasema polepole. “Tulipiga baruti.”

“Na hizi za Ijumaa jioni. Mbili, zimepishana.”

Shija akamgeukia mwenzake. “Ile ya pili ilichelewa kulipuka.”

“Najua,” Penina akasema. “Niliogopa, nikafikiri kuna mtu aliyeirudia ikamlipukia. Hii mashine haioni, Shija. Haioni dhahabu wala chochote. Inasikiliza. Kila mkipiga baruti, naijua.”

Shija alikisogelea kioo. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, “Ile ya masika, ipo?”

Sote tulijua anasema ipi. Wakati wa mvua za masika duara lao liliporomoka, likamfukia mtu wao aitwaye Mashimba. Walimtoa amekufa. Nilihudhuria mazishi.

Penina alisita. Kisha akatafuta tarehe, akachuja, akasogeza mstari taratibu. “Siwezi kukuapia kwamba ndiyo yenyewe,” akasema. “Ni alama ndogo. Lakini saa inalingana, saa tatu kasorobo.” Kidole chake kikarudi nyuma kidogo. “Na kabla yake kuna hizi. Ndogo zaidi. Zimeanza tangu alfajiri.”

“Mwamba ulikuwa unalia,” Shija alisema.

“Labda.”

“Huwaga unalia kabla. Mashimba alisema anausikia. Tukamwambia ni maji yanadondoka.” Alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likaacha michirizi. “Tukamwambia ashuke.”

Penina akafungua mstari wa Jumapili, akamweleza alichokuwa anakijua, ambacho hakikuwa kingi: kitu fulani mahali fulani kimevuma kwa zaidi ya dakika ishirini, hajui ni nini wala ni wapi, na fundi anakuja kesho kuichukua mashine kwa sababu anaamini ni maji.

“Naye anasema maji?” Shija akauliza.

“Naye anasema maji.”

Shija alitoka. Akawaambia watu wake warudi kazini, na kwa kuwa alizoea kuunga nyaya za baruti, aliuunga ule wa sola mwenyewe na kuufunga kwa utepe mweusi. “Mpaka huyo fundi aje,” akasema, “hakuna mtu atagusa hapa.”

Brian alifika Alhamisi na gari la mradi, kijana mpole mwenye miwani, amechoka na barabara. Alisikiliza kila kitu. Aliangalia mawimbi, akakiri kwamba ni mazuri kuliko ya maji aliyoyazoea. Kisha akashuka shimoni, akapitisha kiganja ukutani pale pale Penina alipokipitisha, akamwonyesha.

“Madam, unauona huu? Nikiwapelekea wakubwa hii kazi, swali la kwanza watauliza shimo likoje. Nitawajibu nini?”

“Kituo chenu kingine, cha Mugeta, kiko kwenye jabali kavu, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Umeshachukua kumbukumbu zake za Jumapili?”

“Bado. Ni wiki ijayo.”

“Twende kesho. Kama Mugeta hakuna kitu, hiki kipima nitakubebea mwenyewe mpaka kwenye gari.”

“Na kama kipo?”

“Basi maji yameingia kwenye mashimo mawili, wilaya mbili, dakika moja.”

Brian alijaribu kutocheka, akashindwa.

Madam Recho alitoa ruhusa upesi kuliko tulivyotarajia. Nadhani alitaka Penina awe mbali na shule hata kwa siku moja. Mimi nilitumwa kununua karatasi za mitihani ya ndani huko Bunda, nikapata nafasi kiti cha nyuma.

Mugeta ni kata ya mashamba na mifugo, wilaya ya Bunda, na kipima cha huko kilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa chini ya uangalizi wa mchungaji Isaya. Tulimkosa, yuko shambani kwenye pamba. Tukamsubiri. Penina hakukaa. Alizunguka kile kiwanja, akasoma mlalo wa mawe, akarudi, akazunguka tena. Mchungaji alikuja na jembe begani na tope mpaka magotini, akatufungulia shimo huku akituombea radhi kwa kuchelewa. Brian alishuka. Akapanda na vumbi kavu kwenye vidole, akalipuliza hewani mbele ya Penina.

Aliweka kompyuta yake juu ya boneti ya gari, akachomeka kadi ya kumbukumbu, akatafuta Jumapili. Akachuja. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba ninaomba, kimoyomoyo, kama vile ni mtoto anayezaliwa.

Yalikuwepo. Wimbi baada ya wimbi, upana ule ule, utulivu ule ule.

Brian akaweka mstari wa Butiama chini ya ule wa Mugeta. Vilima vilikaa juu ya vilima. Akavisogeza karibu. “Mugeta imepata kwanza,” akasema, sauti imempungua. “Sekunde chache. Halafu ninyi.”

“Kwa hiyo yametoka kusini mashariki,” Penina akasema.

“Vituo viwili havitoshi kuapa.”

“Sijaapa. Nimesema yametoka kusini mashariki.”

Mchungaji Isaya akauliza kama ni habari njema. Penina akamshika mikono yote miwili, tope na yote, akamwambia ni njema sana.

Bunda mjini kulikuwa na mtandao wa kutosha. Tukaingia mgahawa mmoja jirani na stendi, tukaagiza chai na maandazi, na Brian akafungua simu yake. Hakunywa ile chai. Alisoma, akapandisha kioo kwa kidole, akasoma tena.

“Tuko wengi,” akasema mwishoni. “Kenya wameuona huu mvumo. Zambia, Ethiopia. Mpaka ng'ambo ya bahari kubwa wameuona. Kila mtu anauliza hiki ni nini.” Akaiweka simu mezani. “Madam, nisamehe.”

“Hujakosea. Unyevu upo. Nisaidie kuuondoa.”

“Wengi wanaelekeza Bahari ya Hindi,” Brian aliendelea. “Karibu na kisiwa cha Maore, huko kwenye visiwa vya Komoro. Wanasema tangu Mei huko ardhi inatetemeka kila siku. Kuna watu wamehamia kulala nje.”

Penina aliacha kutafuna. “Tangu Mei? Na hawajui kwa nini?”

“Chini ni bahari, Madam. Maji ya kina cha kilomita tatu na zaidi. Vipima viko nchi kavu, tena vichache. Huko chini hakuna kinachosikiliza.”

Njia nzima ya kurudi Penina aliegemeza kichwa dirishani. Nilidhani amechoka. Tulipofika kwenye njia panda ya Butiama ndipo aliposema, si kwa mtu yeyote hasa, “Haiwezekani watu walale nje tangu Mei bila kuambiwa wanakimbia nini.”

Kipima hakikuondoka. Brian aliandika taarifa yake kwa ukweli, unyevu na yote, na mradi ukakubali kituo kibaki iwapo tutachimba shimo jipya, refu zaidi, mpaka kwenye jabali lenyewe. Fundi wa kuchimba hivyo tulikuwa naye. Shija na watu wake walilichimba baada ya mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne kumalizika, kwa mkono, bila baruti, kuta zimenyooka kama za nyumba. Mzee Kasmiri alisimama pembeni akilalamikia majani yake, kisha akamtuma mke wake Dorotea alete uji kwa wachimbaji. Na Shija akawa anapita stoo mara kwa mara, hasa mvua zikizidi, kuuliza mstari unasemaje upande wa bondeni. Penina alimwambia kila mara kwamba hawezi kumhakikishia chochote. Hata hivyo siku mbili Shija aliwakataza watu wake kushuka, na siku moja kati ya hizo ukuta wa duara uliporomoka pasipo mtu ndani.

Jibu la ule mvumo lilikuja Mei iliyofuata. Meli ya utafiti ilikwenda baharini mashariki ya Maore, ikapima sakafu ya bahari kwa sauti, na pale ambapo ramani za zamani zilionyesha uwanda, ikakuta mlima. Volkano mpya kabisa, urefu wa karibu mita mia nane, imezaliwa gizani pasipo mtu kuuona moshi wala moto wake, kwa sababu uzito wa maji yale ulikuwa umeukandamiza.

Penina aliwaeleza Kidato cha Pili kwa chupa ya soda. Alipuliza mdomoni mwa chupa tupu mpaka ikavuma. “Chini sana ya bahari,” akasema, “kulikuwa na chumba kikubwa kimejaa uji wa mawe yaliyoyeyuka. Uji ukapata ufa, ukaanza kupanda na kumwagika kwenye sakafu ya bahari. Chumba kikapungua, paa lake likawa linashuka, ndiyo yale matetemeko. Na Jumapili ile, wataalamu wanadhani, chumba chenyewe kilivuma kama hii chupa, ila kila pumzi moja ilichukua sekunde kama kumi na saba. Mvumo ukapita kwenye mwamba, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, ukafika hapa wakati mimi nafua.”

Mzee Kasmiri aliyasikia hayo kwa mjukuu wake, akaja mwenyewe kuuliza. “Mlima umezaliwa?”

“Ndiyo, baba.”

“Na wale watu waliokuwa wanalala nje, wameambiwa?”

“Wameambiwa.”

Akatikisa kichwa. “Basi ni vizuri. Mtu akijua anaogopa nini, analala.”

Lakini Penina mwenyewe hakutosheka. Aliomba nafasi ya kusomea kazi ya kusikiliza volkano za chini ya bahari, akakataliwa kwa kuwa shahada yake ni ya ualimu. Akaomba tena, safari hii Brian akiwa amemwandikia barua ya kumuunga mkono, akakataliwa kwa udhaifu wa hesabu zake. Akachukua vitabu vya hesabu vya Kidato cha Sita, akakaa navyo mezani kwetu mwaka mzima, akinisumbua kwa maswali ambayo mwalimu wa Kiswahili hana jibu lake. Mara ya tatu chuo kilimchukua. Siku ya kuondoka baba yake alitoka Majita kuja kumsindikiza stendi ya Musoma, akiwa na furushi la sangara mkavu. Alimwuliza binti yake kama bahari hiyo inafanana na ziwa. Penina akasema hajui, atampigia.

Alipiga. Sangara alikuwa ameshakwisha na bahari ilimtapisha siku tatu mfululizo, yeye mtoto wa mvuvi, mpaka mabaharia wakamhurumia. Halafu alizoea. Meli yao ilikuwa inashusha vipima mpaka kwenye sakafu ya bahari, kila kimoja kimefungiwa uzito wa kukizamisha na maboya ya kukirudisha. Vinakaa huko miezi vikisikiliza. Ukivitaka, unavipelekea mlio maalumu kupitia majini, vinaachia uzito, vinapanda vyenyewe. Kupanda tu ni zaidi ya saa nzima, na watu wote wanasimama kwenye reli za meli wakitafuta kitu cha rangi ya machungwa kati ya mawimbi.

Safari yake ya kwanza ya kuviita, vyote viliitika isipokuwa kimoja. Aliniambia habari hiyo kwa simu akiwa ameshuka bandarini, sauti imekauka. Waliita tangu asubuhi. Nahodha alitaka kuondoka, hali ya hewa ilikuwa inabadilika, na kiongozi wa safari akasema vifaa hupotea, ndiyo kazi ya bahari. Penina akaomba meli izunguke upande wa pili, aite kutoka huko, pengine mlima wenyewe ndio unaozuia mlio. Wakamkubalia. Akaita, akangoja, akaita.

“Kikaja?” nikauliza.

“Hakikuja. Lakini kilijibu, Dada Lucy. Mlio mmoja, hafifu, kutoka nyuma ya ule mlima. Kiko hai, kimenasa kwenye mawe mapya yaliyotiririka, na ndani yake kuna kumbukumbu za miezi yote ya mlima ukikua. Nimeweka alama mahali kilipo. Nimewaambia mwakani narudi nacho.”

“Wamesemaje?”

“Wamesema haiwezekani.” Nikasikia akicheka, na nyuma yake honi ya meli. “Niulizie Shija. Mwambie nataka kujua wao moko ikiwanasia kwenye mwamba wanaitoaje.”